Mti Nilioupanda Mwenyewe

Mwezi ujao natimiza miaka 26 nikisoma kipimajoto kilekile. Nasema kilekile kwa mazoea tu. Vilivyopita mikononi mwangu ni sita, na viwili nilivivunja mwenyewe, kimoja kwa kukikung'uta nikiwa na hasira za mambo mengine. Lakini mahali ni palepale, kibanda ni kilekile cheupe chenye mbao za kulaza zinazopitisha upepo na kuzuia jua, na saa ni ileile: saa tatu kamili asubuhi.

Mimi ni mpima hali ya hewa. Si mtabiri. Hili huwa nalisema mapema kwa sababu kila sherehe ninayokwenda kuna mtu hunivuta pembeni aniulize kama Jumamosi mvua itanyesha. Sijui. Mimi najua ya jana. Kazi yangu ni kuandika kilichotokea, mahali pamoja, saa ileile, kwa namna ileile, halafu kesho yake kuandika tena.

Nafungua kibanda, nabana pumzi, nainama hadi jicho liwe sawasawa na ncha ya zebaki, nasoma. Ukisomea juu unapata namba moja, ukisomea chini unapata nyingine, na zote mbili ni uongo. Joto la mwili wako nalo linaanza kukidanganya kipimajoto mara tu unapokisogelea, kwa hiyo hapa hakuna kujivuta. Kuna kikavu, kuna chenye kitambaa kibichi kwa ajili ya unyevu wa hewa, kuna kinachoshika joto la juu kabisa la siku na kingine la chini kabisa. Nikimaliza natembea hadi kwenye kipimamvua, namimina maji kwenye bomba la kioo lenye alama, nainama tena. Waliosema mtaka cha mvunguni sharti ainame hawakuwa wakizungumzia mgongo wangu, ingawa daktari wangu ana mawazo tofauti.

Mwisho natazama juu. Anga tunaligawa sehemu nane, na unatakiwa useme mawingu yamefunika ngapi. Mwanzoni niliona ni kubahatisha tu. Siku hizi nasema tano au sita kabla sijafikiri, na mke wangu amenikataza kufanya hivyo tukiwa msibani.

Majuzi dada yangu aliniuliza, bila ubaya wowote, "Kaka, hivi kweli utastaafia hapohapo?" Yeye yuko kwenye kazi yake ya sita, na kila aliyoiacha aliiacha kwa sababu ya maana. Nilimjibu kwa mzaha kwamba nimeshaota mizizi. Usiku ule usingizi ulikuja kwa shida. Neno mizizi lilinirudisha kwenye mti, na mti ndio ninaotaka kuusimulia.

Lakini kwanza niondoe dhana moja. Sikubaki kwa hekima. Mwaka wa nane nilipata kazi nyingine: ofisi nzuri, kiti cha kuzunguka, mshahara wa kunifanya nihesabu mara mbili. Niliandika barua ya kuacha kazi, nikaichomeka ndani ya rejista kwenye ukurasa wa mwezi niliopanga uwe wa mwisho wangu, nikasubiri barua ya hao wa kuniajiri. Haikuja. Baadaye nikasikia bajeti yao ilikatwa. Barua yangu ilikaa mle hadi ukurasa ule ukafika, nikaigeuza, nikafanyia hesabu za mvua za mwezi huo nyuma yake. Watu wakinisifu kwa uvumilivu huwa naikumbuka karatasi ile.

Miaka mitano iliyofuata ilikuwa michungu na sitaipamba. Niliwaonea kijicho wote walioondoka. Kuna kubaki ambako ni woga tu uliojivika joho la uaminifu, na kuna kazi ambazo mtu akizing'ang'ania anaibiwa maisha yake mchana kweupe. Aliye kwenye kazi ya namna hiyo aondoke, asinisikilize mimi.

Kuna makosa mawili niliyoyafanya ujanani ambayo yangeniponyoka kabisa kama barua ile ingekuja.

La kwanza ni la mwaka wa tatu. Nililala nikapitiliza. Nilipofika kituoni ilikuwa saa nne na nusu, na nafasi ya saa tatu kwenye rejista ilikuwa nyeupe. Sheria yetu ni nyepesi: kama hukusoma, acha wazi na useme hukusoma. Mimi nikaangalia ya jana, nikaangalia kipimajoto cha saa ile, nikapika. Nyuzi 24.6. Namba nzuri, inayofanana na wenzake. Hakuna aliyegundua, na hilo likaja kunitafuna kuliko karipio lolote, kwa sababu siku ile nilijifunza kwamba kazi yangu ningeweza kuifanya nikiwa kitandani.

Mtu wa nje haelewi tunavyoiogopa nafasi tupu, na jinsi tunavyoiheshimu. Siku isiyo na mvua hatuachi wazi. Tunaandika sifuri. 0.0, na kesho 0.0, na kiangazi kikikaza unaandika sifuri miezi mfululizo hadi mkono unaiandika peke yake. Lakini sifuri maana yake mtu alitoka, akaangalia, akakuta pakavu. Nafasi tupu maana yake hakuna ajuaye. Nimeandika sifuri elfu kadhaa maishani mwangu, na katika yote ninayoyafanya hakuna linalochosha kama hilo, wala ninaloliona la heshima zaidi.

Mwanasayansi Charles Keeling alianza kupima hewa ya ukaa juu ya mlima Mauna Loa, huko Hawaii, mwaka 1958. Mwaka 1964 fedha zilikatika na vipimo vikasimama kwa muda. Kwenye kumbukumbu zake pale kuna pengo, limeandikwa pengo. Mstari wake ulikuwa umeshajulikana unakoelekea. Mtu mwenye haraka angeziba akaendelea. Yeye alirudi kupima, na akaendelea na kazi hiyo hadi alipofariki mwaka 2005. Alipoanza zilikuwa sehemu 315 hivi katika kila milioni ya hewa, leo zimepita 420. Mimi naziamini namba zake zaidi kwa ajili ya pengo lile.

Sasa, miaka 14 baada ya kupika kwangu, alikuja binti mmoja mtafiti kunakili rejista zetu za zamani kwenye kompyuta. Alikuwa akilinganisha vituo jirani siku kwa siku. Akaniita. "Samahani baba. Asubuhi hii vituo vitatu vyote vya jirani vimeshuka karibu nyuzi tano, wameandika mawingu mazito na upepo wa baridi. Nyinyi haukuwafikia?"

Ningeweza kusema kipimajoto kilikuwa kibovu. Kama aliyeandika angekuwa ameshahama, swali lingeishia hapo, angepewa shaka yake akaenda nayo. Lakini saini ilikuwa yangu na mwenye saini alikuwa amekaa mbele yake na miwani puani. Nikamwambia, "Mwanangu, nililala." Akanitazama kidogo, akafuta, akaweka alama ya pengo, akaendelea na siku iliyofuata. Ilichukua chini ya dakika moja. Uongo ule nilikuwa nimeubeba miaka 14.

Sasa mti.

Mwaka wangu wa kwanza, nikiwa na miaka 23 na uhakika kwamba sitamaliza hata miwili pale, nilipanda mche nje kidogo ya uzio. Uwanja wa kituo ni majani mafupi na vyuma, hauna kivuli, na mimi nilitaka mahali pa kukaa mchana. Sikumwuliza mtu. Mzee aliyekuwa mkuu wa kituo aliuona, akasema, "Kijana wangu, miti inakua," akaingia ndani. Nilidhani anausifu.

Kanuni inasema kitu chochote kinachosimama karibu na kipimamvua kikae mbali angalau mara mbili ya urefu kinaokizidi, na ikiwezekana mara nne. Kanuni hiyo nilikuwa nimeijibu kwenye mtihani na nikapata. Lakini mche ulikuwa wa kimo cha goti, na ulikuwa mita 7 kutoka kwenye kipimamvua. Goti litaziba mvua gani?

Mti unaouona kila siku huuoni ukikua. Ulipita bega langu, ukapita paa la kibanda, mimi nikafurahi tu kwamba sasa naweza kukaa chini yake na karatasi zangu. Uliponawiri kweli ilikuwa ndiyo ile miaka ya uchungu, na kusema kweli ndicho kitu pekee pale nilichokipenda.

Nikaja kugundua mwaka wa 13, tena kwa uchovu. Sikuwa na la kufanya, nikachora mchoro ambao wazee wa kazi hii walitufundisha. Unajumlisha mvua ya kituo chako mwaka baada ya mwaka, unaiweka upande mmoja wa grafu. Upande wa pili unaweka jumla ya vituo vya jirani. Mwaka wa mvua nyingi unakuwa mwingi kwenu nyote, wa ukame unakuwa wa ukame kwenu nyote, kwa hiyo nukta hujipanga kama kamba iliyovutwa. Kamba ikipinda, kuna kilichobadilika, na mara nyingi si mbinguni.

Nukta zangu zilinyooka miaka tisa. Halafu zikapinda. Kidogo tu, kama mtu anayeanza kulegea kwenye kiti. Kuanzia hapo kituo changu kilikuwa kinaokota mvua pungufu kila mwaka. Upungufu mdogo, ambao hakuna siku moja ungeuona, lakini kila milimita ya mvua ni lita moja kwenye kila mita ya mraba. Nilikuwa nawaibia watu maji kwenye karatasi.

Nikadhani kipimamvua kinavuja. Nikakijaribu, hakivuji. Nikadhani jirani zangu wanapika, maana mwizi humdhania kila mtu mwizi. Nikarudia hesabu. Nikatafuta kwenye rejista kama bomba la kupimia lilibadilishwa mwaka ule. Nilikaa na karatasi ile karibu saa nzima, nikiiinamia, nikifuta na kuandika, hadi nilipojiuliza kile kivuli kilichokuwa kikicheza juu ya grafu yangu kilikuwa cha nini.

Nikanyanyua uso. Ulikuwa umetanda juu yangu kama dari. Mvua za pale mara nyingi huja zikisukumwa na upepo wa upande ule, na zilikuwa zikipokelewa na majani yake kwanza.

Sikuukata siku ile. Nitasema niliomba kibali na kibali kilichelewa, na ni kweli, lakini niliomba baada ya wiki tatu. Wenzangu waliposikia walinuna. Wengi wao waliukuta ukiwa mkubwa. Kwao ulikuwa sehemu ya kituo kama uzio. Mmoja alisema aliyeupanda angekuwepo angesikitika. Nikamwambia yupo.

Nilimpigia simu mzee, ambaye alikuwa amestaafu miaka mingi. Alicheka hadi akakohoa. Akaniambia kwamba vijana wote walionitangulia waliondoka kabla ya mwaka wa tatu, kwa hiyo alipouona mche wangu alijiambia huyu naye akiondoka nitaung'oa kimyakimya, hakuna haja ya kumvunja moyo. "Ukakaa," alisema. "Ukawa unaumwagilia kila jioni. Nikaona haya. Halafu nikastaafu." Nikamwuliza kwa nini hakunipa amri tu. Akasema, "Nilikwambia miti inakua."

Nikaukata mwenyewe, kwa msumeno wa mkono, kwa siku mbili. Namba za miaka ile sikuzigusa. Zilisomwa kama zilivyosomwa na zitabaki hivyo. Nilichoongeza ni maelezo kwenye historia ya kituo: umbali, kimo, upande uliosimama, mwaka ulipopandwa na tarehe ulipokatwa. Penye nafasi ya jina nikaandika langu mara mbili.

Na hapo ndipo ilipoanza sehemu ambayo dada yangu sijawahi kumweleza vizuri. Ukikata mti wa namna ile, kesho yake hujui kama umerekebisha. Mvua ya mwaka mmoja haisemi neno. Nilichora nukta ya mwaka wa 15 nikaipenda, ya 16 ikanitia shaka, ya 17 sikuielewa. Nukta ya mwaka wa 19 ndiyo iliyonikalisha chini: kamba ilikuwa imerudi kwenye mwelekeo wake wa zamani. Nilikosea nikiwa na miaka 23, nikagundua nikiwa na 35, nikawa na hakika ya marekebisho nikiwa na 41. Dada yangu ameacha miche katika ofisi tano. Huenda mingi inazaa vizuri. Huenda mmoja wapo unamzibia mtu mvua. Yeye hana namna ya kujua, na simlaumu, ila mimi nimegundua kwamba siwezi tena kuishi kwenye kutojua huko. Uchungu wa ile miaka mitano ulikatika hapo, si kwa sababu kazi ilibadilika. Bado ilikuwa saa tatu, bado ilikuwa kuinama. Nilikuwa tu nimeanza kusubiri kitu.

Sisi tuna kipimo chetu cha subira. Ili useme hali ya hewa ya mahali fulani ni ya namna gani, unachukua wastani wa miaka 30: ya sasa inahesabiwa kuanzia 1991 hadi 2020. Chini ya hapo unazungumzia vurugu za mwaka huu na mwaka ule. Kwa hesabu hiyo, baada ya miaka 26, mimi sijakamilisha hata wastani mmoja. Wenye kunihurumia wanione kama mwanafunzi wa mwaka wa nne aliyebakiza mitihani.

Halafu kuna John Dalton. Wengi wanamjua yule wa atomi, wa kwenye vitabu vya kemia. Huyohuyo aliandika daftari la hali ya hewa kila siku kuanzia mwaka 1787 hadi alipokufa mwaka 1844, miaka 57, vipimo zaidi ya laki mbili. Jioni ya mwisho, mkono ukitetemeka, aliandika kwamba siku ile mvua ilikuwa kidogo, akalala, asubuhi akafa. Zamani kisa hiki kilinisikitisha. Siku hizi ninachokiona ni kwamba alitoka nje kuangalia.

Mashine zilikuja mwaka wa 19. Zebaki inaondolewa duniani, kuna mkataba wa kimataifa wa mwaka 2013 uliopewa jina la Minamata, mji wa Japani ambako watu waliathirika vibaya kwa sumu yake, na mimi naona ni sawa. Wakaweka mtambo unaojisomea wenyewe kila dakika, usiku na mchana, bila kulala wala kupitiliza. Nilijua nimekwisha. Kwa muda mrefu tulikaa nao ubavu kwa ubavu, wenyewe unasoma na mimi nasoma, ili ijulikane tofauti ya mkono na mtambo isije ikadhaniwa ni mabadiliko ya hewa. Asubuhi moja nilimimina milimita 31 kwenye bomba langu. Nikaangalia mtambo: 0.0. Nyigu alikuwa amejenga nyumba yake ya udongo kwenye koo la faneli, hakuna tone lililopita. Mtambo nao ulikuwa umepika, maskini, bila dhambi yoyote. Tangu siku hiyo tunaelewana. Mtambo unahesabu, mimi naangalia nyigu.

Mwaka jana tumepata kijana mpya. Ni mwepesi wa kompyuta kuliko mimi, ana haraka zake, na simu yake inalia na nafasi za kazi kila siku, hafichi. Wiki iliyopita alinifuata na mche ndani ya kopo. Alisema mchana uwanjani hakukaliki, akaniuliza kama anaweza kuupanda pale karibu na uzio. Kisiki cha zamani hakuwa amekiona, majani yamekifunika.

Nikaingia ndani nikamletea tepu ya kupimia. Nikamwuliza mti huo ukikomaa unafika wapi. Akatafuta kwenye simu, akasema mita 15. Nikashika ncha moja pale kwenye kipimamvua, yeye akaenda na nyingine, akaenda, akaenda, tepu ikaisha, tukaweka jiwe tukaanza upya. Akasimama kwenye mita 60, mbali kabisa na ofisi, akageuka akapaza sauti, "Mzee, huku nani atakuja kukaa?"

Nikamwambia achimbe.